Mkono wa Kulia

Jumatano hakuna kiingilio,
aliniambia mlinzi, macho hayakutoka
kwenye bakuli lake la mbaazi.
Sikuja kutazama picha. Nilikuja kulipia leseni ya cherehani,
foleni ya kaunti ikajipinda mara mbili,
mtandao ukaanguka, karani akaenda chai,
nami nikaona mlango wa jirani uko wazi
na ndani pana feni.

Hapa zamani palikuwa ghala la pamba.
Ukivuta pumzi kwa subira utainusa bado,
chini ya chokaa mpya na dawa ya sakafu.
Nikapita mbele ya ng'ombe wa buluu,
mbele ya misumari elfu iliyogongwa ikawa uso,
huku nikishika namba yangu kichwani isinidondoke:
sabini na nne, sabini na nne.

Kisha nikamkuta mama.

Ukuta wa kaskazini, kati ya dirisha na ndoo ya mchanga wa moto,
ameketi kigodani mbele ya karai,
mvuke umemla nusu ya shavu.
Lakini kovu lile la mafuta chini ya sikio,
nililolipaka asali mimi nina miaka minane,
liko pale pale, doa moja la rangi ya udongo.
Na leso ni ile. Nimeshona nguo miaka ishirini, sikosei pindo.
Maneno ya leso kayafanya vidoti,
afadhali: yalimlenga jirani,
na jirani yu hai.

Kibandiko kinasema: *Muuza Viazi, Maweni. Rangi za mafuta.*
Halafu jina la mchoraji, mwaka aliozaliwa,
na vyuo alivyosoma, vitatu.

Nikamkumbuka. Kijana wa miwani iliyofungwa uzi,
alikaa siku tisa juu ya kreti la soda
akichora, akila, akisema, "Niandikie, mama."
Mama akamwandika, naye hakujua kuandika:
mstari wa mkaa ukutani kwa kila sahani,
sita, na kimoja kifupi cha sahani nusu.
Ukuta ule tumeupaka rangi mara mbili.
Mkaa hurudi.

Hapo ndipo nikaona upawa.
Upawa uko mkono wa kulia.

Mama alikuwa wa shoto, bwana wee.
Nyanya alimfunga mkono ule kwa ukambaa
mwezi mzima, fundo likalegea, mkono ukarudi kazini.
Kukuna nazi, kushika wembe, kunifinya, vyote kwa kushoto.
Nikataka kumwita mlinzi nimwambie:
huyu amewekewa mkono wa mtu mwingine!

Mdomo ukafunguka, neno likakataa.
Maana mteja akija, mama aliuhamisha upawa,
akampa viazi kwa kulia, na bismillahi juu yake,
mteja akigeuka, upawa unarudi kwao.
Siku tisa yule kijana alikuwa mteja.
Alichora alichopewa.

Mkono wa kulia, tumeuita hivyo, wa kula.
Na kulia ni kulia.
Mama akilia alijifuta kwa ule mwingine,
nyuma ya pazia, ambako hapakuwa na kreti.

Mlangoni pana kitabu cha wageni.
Kalamu imefungwa kwa kamba upande wa kulia wa meza,
kamba fupi, haikunifika.
Nikaivuta, meza ikalia, mlinzi akainua macho mwishowe.
*Jina*: Kache binti Mramba.
*Utokako*: ukuta wa kaskazini.
*Maoni*: sahani sita na nusu.

"Dada, wewe pia?" akasema, akiutazama mkono wangu,
akacheka kidogo, akasogeza kitabu.

Nje walikuwa wamefika tisini na moja.